Muulize Shangazi wa Forodha: Vita vya ushuru vya Marekani na China

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza jambo moja: Marekani na China zinapigana kwa ushuru, sisi huku tufanyeje? Nyingi zimeanza na methali ya tembo wawili na nyasi. Naomba methali hiyo tuipumzishe. Nyasi hazina la kufanya ila kukanyagwa. Wewe uliyeniandikia una daftari la duka, una shamba, una mtaji uliouchuma kwa jasho, na una uamuzi wa kufanya wiki hii. Nimechagua barua tano. Kwa msomaji mgeni: nilifanya kazi ya uwakala wa forodha miaka 22, kwanza Malaba, baadaye Kampala. Ninayoyajua niliyajua kwa kushika karatasi za mizigo ya watu.

Shangazi, pole na kazi. Nauza chaja, kava za simu na spika ndogo hapa soko la Kikuubo. Kila miezi mitatu tunachangia kontena moja kutoka Guangzhou, wanawake wanne. Shemeji yangu anasema Wachina wamefungiwa soko la Marekani na sasa watatumwagia bidhaa kwa bei ya bure, kwa hiyo nikope nilete kontena zima peke yangu. Dhamana itakuwa nyumba yangu ya Kireka. Nikope?
*Muuza vifaa vya simu, Kampala*

Dada yangu, nyumba usiiguse. Nimetanguliza jibu ili usiku wa leo ulale. Sasa nikupe sababu.

Shemeji hakutunga uongo. Kiwanda kilichozoea kuuza Marekani kikikosa oda, kinatafuta mnunuzi mwingine, na Afrika ipo. Ila amekusimulia mwezi mmoja wa vita vilivyoanza zamani. Julai 6, 2018 Marekani ilianza kutoza asilimia 25 kwenye bidhaa za China za thamani ya dola bilioni 34, na China ikajibu siku ile ile kwa kiasi kile kile. Wakaendelea kupandishiana hadi Januari 15, 2020, walipotia saini mkataba ambao China iliahidi kuongeza ununuzi wa bidhaa za Marekani kwa dola bilioni 200 katika miaka miwili. Kiasi hicho hakikufikiwa. Rais wa Marekani akabadilika, ushuru ukabaki.

Halafu ukaja mwaka 2025. Februari ukaongezwa ushuru mpya wa asilimia 10, Machi ukafika 20, na Aprili wakajibizana karibu kila siku hadi ushuru wa Marekani ukawa asilimia 145 na wa China 125. Mei 12, baada ya mazungumzo ya Geneva, wakatangaza kushuka hadi asilimia 30 kwa Marekani na 10 kwa China, kwa siku 90. Oktoba wakagombana tena, Rais Trump wa Marekani akatishia kuongeza asilimia 100 nyingine. Oktoba 30 akakutana na Rais wa China, Xi Jinping, mjini Busan, Korea Kusini, na ushuru ule mpya ukateremka hadi asilimia 20, juu ya ule wa zamani ambao haujaondoka.

Basi tazama: 145 mwezi wa nne, 30 mwezi wa tano, 20 mwezi wa kumi na moja. Ile bei ya bure ambayo shemeji ameisikia inategemea namba hizo, nazo zinageuka kabla meli haijatoka bandarini. Rejesho la benki haligeuki. Litakusubiri kila mwisho wa mwezi, amani iwepo au isiwepo kule kwao.

Sasa twende kwenye hesabu, na kalamu uishike mwenyewe. Tuseme mzigo unanunuliwa dola 16,000 na nauli pamoja na bima hadi Mombasa ni dola 4,000. Thamani ya forodha ni 20,000. Kama bidhaa iko kwenye kiwango cha asilimia 25 cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru ni 5,000. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 inapigwa juu ya 25,000, inakuja 4,500. Tayari umetoa 9,500 kabla ya tozo nyingine, kabla ya lori la kutoka Mombasa, kabla ya wapakuzi wa Kikuubo. Kiwanda kikikupunguzia asilimia 10, umeokoa 1,600 kwenye bei ya kununua. Nauli ikipanda kwa 1,600, punguzo lote limekwenda na maji, na kodi inabaki ile ile kwa sababu nauli nayo inahesabiwa ndani ya thamani.

Na nauli hupanda kweli. Baada ya tangazo la Geneva waingizaji wa Marekani walizikimbilia meli kwa pamoja, na Juni nauli za kwenda kwao zikapaa. Tena tangu mwisho wa 2023, kwa sababu ya mashambulizi katika Bahari ya Shamu, meli nyingi za kutoka Asia kwenda Ulaya zimekuwa zikizunguka kusini mwa Afrika. Mzigo wako haupiti huko, lakini meli inayotumia wiki zaidi kwenda Ulaya ni meli ambayo haipatikani mapema kwa safari nyingine.

Sababu iliyo nzito kuliko zote sijaitaja bado. Anayekupunguzia wewe bei anampunguzia na jirani yako. Nilikwisha kuliona hilo kwa taa ndogo za sola. Wafanyabiashara sita niliokuwa nawahudumia walisikia habari moja, wakaagiza aina moja, mizigo ikafika ndani ya mwezi mmoja. Uchochoro mzima ukawa na taa zile zile. Wale waliotumia hela zao waliuza kwa hasara ndogo wakanyamaza, wakaendelea na mengine. Aliyekopa alilazimika kuuza kwa haraka na kwa bei ya chini kuliko wote, kwa sababu benki ilikuwa mlangoni. Alikuwa mwanamke mchapakazi kama wewe, na hakurudi tena Kikuubo.

Endelea kuchangia kontena na wenzako. Kama kweli kiwanda kina shida ya soko, itumie shida hiyo kupata masharti bora: omba malipo ya kwanza yawe madogo, omba bei iandikwe ikiwa na nauli hadi Mombasa na idumu siku 60, omba wakubadilishie chaja mbovu kwenye mzigo unaofuata. Ukikubaliwa hayo, umefaidi vita bila kuweka kitanda cha watoto rehani.

Ndugu Shangazi, nafundisha sekondari hapa Tororo. Wanafunzi wamesikia redioni kwamba Marekani inaitoza China mabilioni ya dola. Mmoja akaniuliza: hizo hela zinatoka kwenye mfuko wa nani? Sikumjibu vizuri.
*Mwalimu, Tororo*

Mwalimu, mtoto huyo mpe kalamu mpya kwa niaba yangu. Wazee wengi wenye suti hawajauliza swali hilo.

Mwaka 2009, kabla ya mizigo kuanza kulipiwa kodi ikiwa bado Mombasa, malori yalikuwa yanasubiri pale Malaba. Alikuja mama mmoja na kontena lake la kwanza, sufuria na ndala. Muuzaji wa kule China alikuwa amemwambia kila kitu kimeshalipwa, na yeye akaelewa kwamba hata kodi ya Uganda imo. Nilipomwonyesha karatasi ya ushuru alikaa chini kwenye ngazi za ofisi. Akaniuliza, "Si Mchina ndiye aliyelipa?" Alilala pale nje usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, huku gharama za lori zikiongezeka kila kukicha. Mwishowe kaka yake akauza ng'ombe wawili wa mama yao kule Busitema, hela zikaja. Mpaka leo nikisikia mtu anasema nchi fulani inatozwa ushuru, namuona mama yule kwenye zile ngazi.

Ushuru wa forodha hulipwa na anayeingiza mzigo, katika nchi unakoingia. Marekani ni vile vile. Kampuni ya Marekani iliyoagiza viti kutoka China ndiyo inayopeleka hela kwenye forodha ya Marekani. Ikishalipa, inatafuta wa kumsukumia: inamwomba muuzaji ashushe bei kidogo, inapunguza faida yake kidogo, na kinachobaki kinabandikwa kwenye bei ya dukani. Wachumi waliochunguza ushuru wa 2018 na 2019 walikuta karibu mzigo wote uliwaangukia Wamarekani wenyewe.

Lakini mwambie mwanafunzi asiishie hapo, maana atadhani China haikuumia. Iliumia kwa njia nyingine: oda zilikatwa, na mfanyakazi wa kiwandani akarudishwa nyumbani. Na China ilipolipiza kwa kutoza soya ya Marekani, mkulima wa jimbo la Iowa kule Marekani hakulipa ushuru hata senti moja, ila alikosa mnunuzi. Serikali yake ilitangaza misaada ya jumla ya dola bilioni 28 kwa wakulima katika miaka miwili ile, 2018 na 2019. Wafundishe wafuatilie mkono unaotoa hela, kisha wafuatilie na mkono uliokosa kuzipokea.

Shangazi, nauza simu Arua. Mbona simu mpya za Huawei haziji na Google? Wateja wananirudishia wakisema nimewauzia feki.
*Kijana wa simu, Arua*

Mwanangu, si feki. Mei 2019 Marekani iliiweka Huawei kwenye orodha ya kampuni ambazo haziruhusiwi kuuziwa teknolojia ya Marekani bila leseni, na Google ni ya Marekani. Kuanzia simu zilizotoka mwishoni mwa mwaka ule, huduma za Google hazimo. Mwambie mteja kabla hajatoa hela, mwonyeshe duka la programu la Huawei lenyewe, na umwulize ni programu zipi anazozihitaji kila siku. Kama hazipatikani humo, muuzie simu nyingine. Mteja aliyeambiwa ukweli atarudi kununua, hatarudi kugomba.

Shangazi, sisi ni kikundi cha wakulima wa soya karibu na mji wa Lira. Tumesikia China imekataa soya ya Marekani. Tuweke mavuno ghalani tuwasubiri Wachina?
*Katibu wa kikundi, Lira*

Katibu, msisubiri. Habari mliyoisikia ilikuwa ya kweli: kuanzia Mei hadi Oktoba 2025 China karibu haikununua soya mpya ya Marekani. Nafasi ile ilijazwa na Brazil kwa sehemu kubwa, na Argentina. China huagiza zaidi ya tani milioni 100 za soya kwa mwaka, na anayenunua kwa kipimo hicho anapakia meli nzima nzima. Isitoshe, baada ya kikao cha Busan Marekani ilitangaza kwamba China itanunua tani milioni 12 kabla ya mwaka 2025 kwisha, kisha tani milioni 25 kila mwaka kwa miaka mitatu. Mlango mliousikia unafungwa umeshaanza kufunguliwa.

Mtaniambia: mbona tumesikia China imeondoa ushuru kwa nchi kama yetu? Ni kweli. Tangu Desemba 1, 2024 bidhaa za nchi maskini zaidi zenye uhusiano wa kibalozi na China, Uganda ikiwemo, zinaingia kwa ushuru sifuri. Jambo hilo ni kubwa na ningependa kuona tunalitumia. Lakini ushuru ni mlango mmoja tu. Wa pili ni afya ya mimea: China haipokei zao la shamba mpaka serikali mbili zikubaliane kwa maandishi kuhusu wadudu, magonjwa na ukaguzi. Tanzania ilipata kibali cha soya mwaka 2020. Mlango wa tatu ni barabara. Kutoka Lira hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000, na kilo ya soya haina thamani ya kubeba nauli hiyo kama kilo ya kahawa inavyoweza.

Soko lenu liko karibu zaidi: wasaga chakula cha kuku na viwanda vya mafuta, hapo Lira penyewe, Kampala, na ng'ambo ya mpaka Kenya. Kausheni vizuri, pepeteni, msichanganye mbegu. Kama mnataka kuhifadhi, hifadhini sehemu tu, ile ambayo hata bei ikishuka haitamkosesha mtoto ada ya Februari. Na kwenye mkutano wa wilaya simama uulize: kibali cha soya kwenda China kimefikia wapi, na nani anakifuatilia? Swali hilo likiulizwa Lira, Gulu na Masindi kwa wakati mmoja, litasikika Entebbe, iliko wizara ya kilimo.

Shangazi, naomba unisaidie haraka. Mama yangu ni mjane, ana ekari tatu Makuutu, wilaya ya Bugweri. Mimi nafanya kazi Jinja. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili na gari, wakamwambia udongo wake ndio Marekani na China wanaougombania, na kwamba watampa hela taslimu atie dole gumba kwenye karatasi. Wamemwachia nakala, imeandikwa Kiingereza, na mama hakijui. Watarudi.
*Mwana wa Makuutu*

Mwanangu, mpigie simu mama sasa hivi, umwambie asitie dole kwenye kitu chochote. Kisha rudi uendelee kusoma.

Habari ya udongo si hadithi. Makuutu kuna udongo wa mfinyanzi wenye madini adimu, wa aina inayofanana na ule unaochimbwa kusini mwa China. Leseni kubwa ya uchimbaji ilitolewa Januari 2024. Madini hayo, hasa disprosiamu na terbiamu, yanatiwa kwenye sumaku zenye nguvu zinazoendesha mota za magari ya umeme, mitambo ya upepo na silaha. China huchimba karibu asilimia 70 ya madini adimu ya dunia na husafisha karibu asilimia 90. Ndiyo maana Aprili 4, 2025, ilipotaka kuijibu Marekani, iliweka masharti ya leseni kwa aina saba za madini hayo, na baada ya wiki chache baadhi ya viwanda vya magari Marekani na Ulaya vikasimama kwa muda. Oktoba ikaongeza masharti, na baada ya Busan ikayaahirisha hayo ya Oktoba kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo wanaosema dunia inautazama udongo wa Makuutu hawajakosea.

Wanakodanganya ni hapa. Tani nzima ya udongo ule ina madini hayo chini ya kilo moja, tena yamechanganyika, yanahitaji mtambo wa kuyatoa na mwingine wa kuyatenganisha. Hakuna mtu wa gari dogo anayenunua ekari tatu ili achimbe. Na hata angetaka, hawezi kuyanunua kwa mama. Kifungu cha 244 cha Katiba yetu kimeyaweka madini yote yaliyo ardhini chini ya serikali kwa niaba ya Jamhuri ya Uganda. Mama hana madini ya kuuza. Ana ardhi, ana mazao, na ana haki yake. Kifungu cha 26 kinasema mtu hanyang'anywi mali yake kwa manufaa ya umma kabla ya kulipwa fidia ya haki na ya kutosha.

Umeona sasa wanachokitaka? Wanataka kusimama mahali pa mama yako siku ya fidia. Wampe kidogo leo, jina lake lifutike, na siku wenye leseni watakapokuja kupima na kulipa, wakute majina ya vijana wawili ambao hawajawahi kupanda hata muhogo mmoja pale. Nilikaa mpakani miaka mingi na nikawaona watu wakipoteza mizigo kwa kutia saini wasichokisoma. Lakini mzigo huagizwa tena. Ekari tatu za mjane haziagizwi.

Fanya hivi. Nenda Makuutu Jumamosi hii, usitume mtu. Kaa na mama, kaa na wazee wa ukoo, umwite mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mwambieni wazi kilichotokea, na aandike. Vijana wakirudi, waulizwe mbele ya watu: mnatoka kampuni gani, namba ya leseni ni ipi? Namba wakitoa, ipeleke kwenye Idara ya Jiolojia na Migodi, Entebbe, uulize kama ipo na ni ya nani. Kama ardhi ile ni ya kimila na haina karatasi, anzeni kuomba cheti cha umiliki wa kimila. Sheria ya Ardhi ya 1998 inakiruhusu.

Halafu chukua daftari na simu yako, mtembee shamba lote na mama. Hesabuni mibuni, miembe, mifenesi, migomba, kila mstari wa muhogo. Pigeni picha mipaka, mkiwa na majirani wa pande zote nne ndani ya picha. Andikeni nyumba, jiko, choo, kisima. Andikeni makaburi pia, kaburi la baba yako likiwa la kwanza, na mwaka aliozikwa. Na ile nakala ya Kiingereza waliyomwachia, ipige picha kila ukurasa, hata wenye maandishi madogo, unitumie kwa anwani ya gazeti. Nitaisoma neno kwa neno, nitakuandikia kwa Kiswahili kila ilichosema, nawe umsomee mama.